Neno Alilomnyima Binti Yake

Alipokuwa kijana katika shule ya misheni, Mathews Ojakol alimsikia Waziri Ilukor akiwahutubia wanafunzi uwanjani. Waziri yule, ambaye sasa ni marehemu, hakuahidi barabara wala zahanati. Alisema kwamba uongozi ni tabia kabla haujawa cheo, na kwamba nchi hulindwa na raia anayesema kweli mahali ambapo uongo ungemfaa. Maneno hayo yalimwingia Ojakol yakakaa. Ndiyo yaliyofanya, miaka mingi baadaye, achaguliwe kuwa mmoja wa wazee wanaowapiga msasa, yaani kuuhakiki uraia wa, vijana waombao vitambulisho kijijini kwao, nje kidogo ya Malaba.

Kazi hiyo ni ngumu mpakani. Wateso wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, na wa huku Kenya wana lugha moja na majina yale yale. Ni Ojakol mwenyewe aliyewashauri maofisa waulize swali moja: mtoto alipewa jina wapi? Maana kwetu bibi huchovya kidole katika ajono, pombe ya wimbi, akamlambisha mtoto huku akimwita jina, na majirani hawasahau jambo hilo lilifanyika katika boma la nani. Karatasi hununuliwa, alisema, lakini bibi hanunuliwi. Maofisa walilipenda swali lile, likawa ndilo kipimo.

Hakufikiri kwamba lingemgeukia. Amuge, kitindamimba wake, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na usajili ulikuwa ukifungwa Ijumaa. Bila kitambulisho, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Naye Amuge alizaliwa na kupewa jina ng'ambo, kwa kina mama yake, kwa kuwa mama yake Ojakol alikwisha kufariki na huku hapakuwa na bibi wa kuchovya kidole.

Asubuhi ya msasa, mzee mwenzake Okwi alimvuta kando, penye ukuta wa kanisa.

"Ojakol, leo usituletee mahubiri ya waziri wako. Sema 'hapa'. Neno lenyewe dogo kuliko punje ya wimbi."

"Na Mungu je?"

"Mungu ana kitambulisho tayari. Asiye nacho ni mtoto wako."

Amuge aliposimama mbele ya meza, ofisa, mama mmoja mgeni katika sehemu hizi, alimgeukia baba.

"Mzee, huyu alipewa jina wapi?"

Ojakol aliiona mikono ya bintiye ikiusokota mkanda wa mkoba. Midomo yake mwenyewe ilikwisha kujiandaa kwa lile neno dogo.

"Ng'ambo, madam," akasema. "Kwa bibi yake. Lakini mimi ni baba yake, ni Mkenya, na babu yangu amezikwa papa hapa."

"Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hakuandikishwa."

"Basi, mzee, kwa kipimo chenu wenyewe huyu ni wa ng'ambo. Arudi mwakani na ushahidi. Mwingine!"

"Papa," Amuge alinong'ona, "si ungesema tu?"

Alimtazama akienda mlangoni polepole, kama anayetembea gizani.

Aliyefuata alikuwa Hillary, mwana wa Okwi. Huyo naye alilambishwa ajono ng'ambo. Ojakol alikuwapo siku hiyo, akinywa kwa mrija kutoka chungu kimoja na Okwi.

"Hapa hapa," Okwi akajibu bila kupepesa macho.

Ofisa akasita, kisha akamtazama Ojakol. "Wewe mzee husemi uongo, hata kwa ajili ya mtoto wako. Ni kweli?"

Ojakol aliitafuta ndani yake sauti ya waziri, akaisikia wazi kama siku ile uwanjani. Kisha akamwona Hillary, amefumba macho kama mtu anayengoja sindano, na akajua kwamba hana nguvu ya kumvunja mtoto mwingine siku hiyo.

"Ni kweli, madam," akasema. "Hapa."

Muhuri ukagongwa. Okwi akamshika bega kwa shukrani, lakini Ojakol hakuuhisi mkono ule. Alikuwa ameinua macho kuelekea mlangoni, ambako Amuge alikuwa bado hajatoka, na alikuwa amesikia.