Nilijenga nyumba za tegesha, sasa watu wanalala ndani

Admin, jina langu libaki kwako, maana kijijini kwetu tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, fundi mwashi, nina mke na watoto wawili. Naishi Tarime, upande wa Matongo, karibu na mashimo ya dhahabu.

Walio mbali niwaeleze kwanza. Huku kuna nyumba tunaziita tegesha. Mtu akisikia mgodi utapanuka hadi shambani kwake, anainua nyumba haraka haraka ili mthamini akija aikute, alipwe fidia, kisha ibomolewe. Haijengwi ili mtu alale. Msingi hakuna, matofali yanapangwa juu ya udongo, saruji ni ya kuonjesha tu. Baba mkwe wangu aliniita nimjengee sita kwa mstari. Nilizimaliza kwa wiki tatu, na nikajisifu sana.

Mthamini hakuja. Walikuja maofisa wa halmashauri na ramani kubwa, wakaitundika ukutani kwenye ofisi ya kata. Wakatusomea dira ya miaka ishirini: hapa shule, hapa miti, hapa bwawa, hapa makazi bora ya kudumu. Upande wetu ulikuwa umepakwa rangi ya makazi. Ofisa mmoja, mama mpole, akasema mgodi hautafika huko, na kila mwenye nyumba ahakikishe ni imara kabla ya kuweka watu. Wengine walipiga makofi. Mimi niliogopa.

Tukiwa njiani kurudi, baba mkwe akaniagiza nipige lipu na rangi, atapangisha. Nikamwambia, baba, zile hazina msingi. Akasimama akanitazama.

"Msingi unakaa chini. Nani atachimba aangalie?"

Kwetu Wakurya hubishani na mkwe barabarani. Nikapiga lipu.

Zilijaa ndani ya mwezi mmoja, maana dhahabu imeleta watu wengi kuliko vyumba. Wachimbaji, mama wa genge la nyanya, na ya mwisho akaingia nesi wa zahanati, mgeni kutoka Njombe, na watoto wake wawili. Huyu ndiye aliyemzalisha mke wangu.

Mgodi ukilipua mwamba mchana, bati zinatetemeka, na nyufa zinapanda kidogo. Baba mkwe ananituma kuziziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naziba kila mwezi, ila najua huo ukuta umesimama juu ya nini. Nilipomwambia mzee tuwahamishe watu, alisema nikifungua mdomo atamrudisha binti yake nyumbani pamoja na wajukuu. Namfahamu, hasemi mara mbili.

Wiki iliyopita nesi aliniita. Ufa wa chumbani ulikuwa unaingia kidole, na alikuwa amehamishia kitanda cha watoto sebuleni. Aliniuliza kwa utulivu kabisa:

"Fundi, wewe ndiye uliyejenga. Niambie kama unavyomwambia dada yako. Niwe na wasiwasi?"

Baba mkwe alikuwa amekaa nje mlangoni, anasikia kila neno.

"Hapana dada," nikasema. "Ni lipu tu inakauka."

Akanishukuru. Akanikaribisha chai, nikainywa yote. Tangu siku hiyo najichukia, ndugu zangu.

Nikisema, nampoteza mke na watoto, na kila mtu atajua nilijenga nini. Nikinyamaza, masika yameanza na udongo wa pale ukilowa haushiki kitu. Jana jioni nilipita, dirisha lilikuwa wazi. Kitanda cha watoto kimerudi chumbani. Kimesogezwa hadi kwenye ukuta uleule, kwa sababu fundi alisema hakuna shida.

Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini leo hii, nifanye nini? Hapa ninapoandika mvua inanyesha.