Bisi za Mama Mika hazipasuki tena

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Kwemtindi, kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Jikoni kwake, Yunis Yohane anahesabu punje za mahindi kiganjani. Ishirini. Anazimwaga kwenye jivu la moto kando ya mafiga, anazifukia kwa kijiti, kisha anakaa kwenye kigoda na kusubiri.

Punje ya kwanza inapasuka na kuruka nje ya jivu kama panzi. Inafuata ya pili. Ya tatu inajivuta. Halafu panakuwa kimya, kimya kirefu mpaka mwandishi wa habari hizi anaanza kutazama saa yake.

"Usitazame saa, ndugu mwandishi," anasema bila kugeuka. "Zilizobaki hazitoki. Nazijua."

Anachokoa jivu. Sita zimepasuka. Kumi na nne zimeungua, nyeusi na ngumu kama kokoto. Hapa kijijini punje za namna hiyo husemwa kuwa zimegoma, na siku hizi neno hilo halisemwi mbele ya Yunis ila na mtu anayetafuta ugomvi.

Yunis, ambaye wengi humwita Mama Mika kwa jina la mwanawe wa kwanza, ana miaka arobaini na minane. Amekaanga bisi tangu kabla ya Uhuru. Aliziuza kwenye lango la shule, nje ya zahanati, na siku za soko aliteremka nazo Lushoto ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Kikombe kilikuwa senti kumi, baadaye senti ishirini. Mabati yaliyo juu ya nyumba yake na mumewe, Fanueli, yalitoka kwenye kapu hilo.

Leo kapu limetundikwa ukutani, na siku za soko Mama Mika anauza viazi vitamu vya kuchemsha.

Anaosha mikono, anahesabu punje nyingine ishirini. Safari hii anachukua chungu cheusi, kipana, chenye ufa mdogo mdomoni, na kukitia mchanga wa mtoni uliochekechwa mara mbili. Mchanga ukishika moto vizuri anazitia punje na kuzikoroga kwa mwiko, mkono haupumziki.

"Chungu hiki ni cha marehemu mama," anasema. "Jivu ni la kuchezea watoto, punje mbili tatu. Ukitaka bisi za watu wengi, ni mchanga. Moto wa mchanga hauna upendeleo, kila punje inapata sawa."

Zinapasuka tisa. Anakunja uso, anachekecha mchanga, anazitenga zilizogoma kwenye kibakuli kimoja na nyingine za jana na juzi. Kibakuli kinakaribia kujaa.

Namna ya tatu ni ya sufuria na mafuta. Hiyo aliijua miaka ya mwanzo ya Uhuru, duka la ushirika lilipoanza kuleta sufuria nyepesi zenye vifuniko. Anakumbuka jinsi majirani walivyokusanyika kusikia bisi zikigonga kifuniko, na jinsi mama yake alivyosonya na kusema chakula kinachopiga kelele hivyo hakina adabu. Mafuta nayo siku hizi ni ya kuvizia, ukiyaona dukani leo kesho huyaoni. Mama Mika anamimina kijiko kimoja kwa uchungu kabisa.

Kumi na moja. Mwandishi anaonja moja iliyoonekana kama imepasuka, na jino lake linapata habari kamili.

"Pole," anasema Mama Mika, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. Kicheko hakidumu. "Miaka miwili nimekuwa nikilaumu moto. Nimebadilisha kuni, nimebadilisha mchanga. Nimezianika, nimezilowesha, nimezitundika kwenye moshi. Nilikuwa najidanganya. Moto hauna kosa lolote."

Kosa, anasema, ni lake mwenyewe, na lilitendeka mchana kweupe mbele ya mkutano mzima wa kijiji.

Mbegu ya bisi ya ukoo wao haikuwa kama mahindi mengine. Punje zilikuwa ndogo, zimechongoka kwenye ncha, rangi ya maziwa. Mama yake alizipanda kila mwaka katika kibonde kimoja nyuma ya kilima, karibu na kijito, mahali ambapo ukisimama huoni shamba jingine lolote la mahindi. Alikuwa na sharti moja tu, na alilisema kwa Kishambaa kila msimu: yasionane na mengine.

"Kwa nini yasionane, hakutuambia," anasema Mama Mika. "Ukimuuliza anakujibu, mama yake naye alisema hivyo hivyo."

Mama huyo alifariki mwishoni mwa mwaka 1972. Aliacha mabinti wawili: Efrazia, mkubwa, aliyeolewa Mtae, na Yunis, aliyebaki nyumbani. Efrazia alikuja kumuuguza mama na akakaa mpaka baada ya mazishi. Walipogawana vitu, Efrazia aliomba kitu kimoja tu, kile chungu cheusi. Yunis alikataa.

"Nilimwambia mimi ndiye mkaanga bisi, yeye atakifanyia nini? Alinyamaza. Dada yangu akiumia hunyamaza."

Wiki chache baadaye, kabla ya masika ya 1973, Efrazia akiwa bado hajarudi kwake Mtae, kijiji kiliitisha mkutano. Shamba la ujamaa lilikuwa limeshapimwa, na mtu mmoja akatoa wazo kwamba ekari moja ipandwe mahindi ya bisi, yauzwe mpaka Tanga. Macho yote yakamgeukia Yunis. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia, anasoma gazeti kwa sauti mbele ya wenzake, na hapana shaka alikuwa anajisikia.

Alisimama akasema anatoa mbegu yake yote, kibuyu kizima. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Efrazia aliponyanyuka nyuma kabisa. Kwa sauti ya chini aliwaomba wanakijiji mambo mawili: nusu ya mbegu ibaki nyumbani, na hiyo nusu nyingine isipandwe mahali inapoonana na mahindi makubwa.

Mama Mika anageuza mwiko mikononi, anautazama, anauweka chini.

"Nilimjibu mbele ya watu. Nikasema, 'Dada, mahindi hayana macho.' Mkutano mzima ukacheka. Wengine walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka, nikaona nimesema jambo la maana sana. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni! Akakaa chini, akajifunika khanga."

Kesho yake asubuhi Efrazia aliaga mlangoni kwa maneno mawili na kushika njia ya Mtae. Hajakanyaga Kwemtindi tangu siku hiyo. Miaka mitatu na zaidi.

Mbegu ilipandwa katika ekari ya pembeni, mahindi makubwa yakiwa upande huu na upande ule. Mavuno ya kwanza yalimpa Mama Mika kiburi zaidi. Punje zilikuwa zimenenepa kidogo, na alipita nyumba kwa nyumba akisema shamba la pamoja limezinawirisha. Nyingi zilipasuka. Chache ziligoma, akasema kuni ni mbichi.

Mwaka uliofuata ukawa wa njaa. Kwemtindi ilipanga foleni kwa unga wa njano ambao watu waliubandika jina la Yanga, na ghalani hakuna aliyechagua kati ya mahindi ya bisi na mahindi ya ugali. Yote yalisagwa. Kilichosalia ni kiasi cha kupanda tu, nacho kilipandwa mahali pale pale.

Sabasaba ya 1975 ndiyo asiyoisahau. Kijiji kilimchagua akaange bisi kwenye maonyesho ya Lushoto, mbele ya wageni. Alivaa kitenge kipya. Alitia mafuta, akatia punje za mavuno mapya, akafunika, akarudi nyuma hatua moja kama alivyozoea ili watu wasikie zinavyogonga.

"Sufuria kimya," anasema. "Zikagonga mbili, tatu. Mgeni mmoja akauliza, 'Mama, umewasha moto?' Watu wangu wa Kwemtindi walitazama chini. Siku ile sikucheka na mtu."

Bwana shamba mpya aliyekuwa pale ndiye aliyemweleza baadaye, kwa upole, kwamba upepo hubeba chavua ya mahindi makubwa na kuimwaga juu ya mahindi ya bisi. Yakipandwa karibu, huchanganyika, na uzao wake hupoteza tabia ya kupasuka. Dawa yake, alisema, ni kuyapanda mbali, yasionane.

"Alitumia neno lile lile la mama," anasema Mama Mika. "Nililia palepale mbele ya kijana wa watu. Akadhani ameniudhi."

Fanueli, ambaye muda wote huu anasuka kamba mlangoni, anatia neno lake. "Nilimwambia asubuhi ile ile, mfuate dada yako kabla hajafika barabarani. Akasema atarudi mwenyewe akitulia."

"Ni kweli, baba," anajibu mkewe. "Uliniambia."

Pasaka ya mwaka huu, Selemani, utingo wa lori linaloleta viazi kutoka Mtae, alimletea kifurushi cha jani kavu la mgomba. Hakikuwa na barua. Ndani mlikuwa na bisi, kikombe na nusu hivi, nyeupe, ndogo, zimefunguka zote.

Mama Mika alizitambua kabla hajaonja. Hapo ndipo alipoelewa kwamba Efrazia, asubuhi ile alipoondoka, alikuwa na konzi ya punje za mbegu ile ndani ya fundo la khanga yake.

"Kila anayekaanga anajua, chini hazikosi mbili au tatu zilizogoma," anasema. "Nilizimwaga zote kwenye ungo. Nikatafuta punje moja tu, niijaribu ardhini. Nilitafuta mpaka jioni. Ndugu mwandishi, alizichambua! Hakuacha hata moja. Ameniletea bisi, mbegu ameizuia. Anataka nijue ipo, na nijue iko kwake."

Anateremsha kopo kutoka kwenye uchaga. Bisi zile zingalimo. Zimelegea kwa unyevu wa huku mlimani, wala hazifai tena kuliwa. Fanueli hajaruhusiwa kuonja hata moja.

Hasira ipo? Anatikisa kichwa. Anasema dada yake ana haki, naye angekuwa Efrazia asingetuma hata hizo.

Kibonde nyuma ya kilima kimeshafyekwa. Amekilima peke yake, mwezi mzima, akawaomba majirani wa upande wa pili wapande maharage badala ya mahindi msimu wa vuli, nao wakakubali. Shamba liko tayari na halina cha kupanda.

Keshokutwa atapanda basi la Mtae. Hatapeleka kuku wala sukari. Mchana huu, baada ya chungu cheusi kupoa, anaumwaga mchanga wake, anakifuta kwa kitambaa ndani na nje, anakisokotea majani makavu ya mgomba na kukifunga kwa kamba ya Fanueli ili barabara isikivunje.

"Nitamwamkia kwanza," anasema. "Shikamoo dada. Akiitika marahaba, nitampa chungu chake, halafu nitasema yale ya mkutano, yote, hata kama amekaa na wakwe zake. Ya mbegu sitayataja. Akitaka atayataja mwenyewe."

Na asipoitika?

Mama Mika anakaza fundo la kamba, anakijaribu chungu kichwani, anakishusha taratibu.

"Nitakiweka mlangoni, nirudi na basi la kesho yake. Na vuli ya mwakani nitakwenda tena kumwamkia."