Mama Miswaki na Matumbawe Yake

Saa mbili asubuhi bahari imetulia, na Mama Miswaki yuko chini kabisa, amepiga magoti mchangani, anasugua tumbawe kwa mswaki. Anaanza na shina, kisha matawi, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Juu, shemeji yake anayeendesha boti anacheka. "Huyu akishaanza kusugua, hata umwambie nyumba inaungua, atakwambia subiri nimalize."

Matumbawe ni viumbe hai, na mwani ukiachwa huyafunika mpaka yafe. Kwenye mwamba wenye afya, samaki ndio hula mwani huo. Hapa samaki walihama miaka miwili iliyopita, joto la bahari lilipoyafanya matumbawe kuwa meupe pe, kisha yakafa.

Mama huyu wa watoto watatu alikuwa mfua nguo, na maji aliyoyajua ni ya beseni. Alijifunza kuogelea akikaribia miaka arobaini. "Siku ya kwanza nilikunywa nusu bahari," anasema. "Mume wangu akauliza, sasa wenzako watavulia wapi?"

Mumewe naye ana lake. Kila mswaki unaozubaa nyumbani huishia baharini. "Mke ninaye, tena wa dhahabu," anasema, "lakini mswaki wangu naulalia."

Mama Miswaki na wenzake wanne wamepanda upya vipande mia sita vya matumbawe, mstari kwa mstari. Utani ukiisha, sauti yake inashuka. "Mikono yetu haitoshi. Samaki wasiporudi, mwani utatushinda, na yote haya yatakuwa kazi bure."

Leo, kwenye mstari wa mwisho, mkono wake unasita. Matawi ni safi, na wiki nzima hajayagusa. Kundi la samaki aina ya kangaja linazunguka pale, likidonoa mwani. Anasogea aone vizuri. Kangaja mmoja anamjia mbio na kumchana kidole kwa mwiba wa mkia.

Anaibuka akivuja damu, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umepatwa na nini, shemeji?"

"Nimefukuzwa, shemeji. Wenye nyumba wamerudi."

Mstari huo sasa atawaachia samaki, ahamie penye mawe matupu. Na baadaye? Anafunga kidole kwa kitambaa, anafikiri kidogo.

"Binti yangu wa mwisho anaogopa maji, kama mimi zamani. Nataka siku moja apige mbizi hapa, akute samaki wamejaa, aje mbio kunisimulia. Na mimi nimsikilize tu, kama mtu ambaye hajawahi kufika."