Taulo Mbili na Sahani ya Bakwe

Haya, mukae, na bile bikombe muweke chini, juu mutu akicheka na chai mu kinywa atanirushia yote, na leo nimevaa kitenge mupya. Ule mama mwenye batu ba kartiye ya Annexe banasema aliongea na bakwe yake akiwa ndani ya choo, kwa sauti ya juu, familia mbili nzima banasikia, ni miye. Ni miye, Mama Trésor. Nilijaribu kukatala, nikasema labda ni mama mwingine tunafanana, lakini batu benye kuniona ni bengi sana.

Bote munajua mi nilikuwa namna gani. Nilikuwa mama ya kuonekana. Mu magazini yangu, duka ya bitenge, kule mu ville, katikati ya muji, mi mwenyewe nilikuwa kibao ya biashara: kitenge ikinitosha miye, hakuna mutu yenye haitatosha. Lakini magoti ikawa inalia kila ngazi, damu inapanda kila wiki, docteur akaniangalia akasema, “Maman, ukiendelea hivi utatuacha.” Basi nikauza kiwanja kidogo (musiniulize ile mambo), nikapanda ndege mupaka Inde, ile India, na kwa bakiliya ba magazini nikasema naenda kutafuta mali ya kuuza. Kule bamunganga bakakata tumbo yangu, bakaniachia kipande ya ukubwa ya ndizi moja. Nilirudia na masanduku mepesi na bidonge bingi, nikasema mali ya mwaka huu haikuwa muzuri.

Bamunganga bakanipa na amri. Ukule kidogo, polepole. Usikunywe kitu wakati ya kula. Sukari uiogope. Ukikosea, chakula haibaki mu tumbo, inashuka mbio, na hapo moyo inapiga haraka, jasho inatoka mupaka mu visigino, macho inaona giza, na matumbo inadai choo saa ile ile, haingojee mutu amalize kuongea. (Bako na jina yake ya kizungu, mi naiita hasira ya ndizi.) Ilinipata mara ya kwanza juu ya uji ya sukari, lakini nilikuwa ndani ya nyumba yangu, choo iko karibu, hakuna mutu aliona. Nikajisemea nimejifunza. Nani! Na nywele nayo ikaanza kutoka, nikichana inabaki yote mu chanuo, ikabidi ninunue perruque, nywele ya kuvaa, na bidonge asubui na mangaribi, na kuchoka, na kwikwi ya kila mara nikishiba. Kukonda ni kazi, mi nabaambia.

Sasa, mu Lubumbashi mama munene akikonda, hakuna mutu anamupongeza. Anaambiwa pole. Batu banakushika mukono muda murefu, banakuangalia ndani ya macho, banauliza, “Lakini unalala muzuri?” Kuko na bakiliya bakaanza kupokea chenji yangu na bidole bibili, sawa vile noti ina moto. Na hiyo yote ilikuta mutoto yangu Trésor iko karibu kulipa dote, ile mahari, ya Ornella, binti moja wa heshima, banapendana mupaka unaona haya kubaangalia.

Ornella alilelewa na shangazi yake, tantine Kabibi, na kwa ile familia tantine Kabibi akisema hapana, hata baba ya mutoto anavaa kofia anaenda kulala. Siku moja Ornella akamuletea Trésor maneno yake: “Tantine anauliza mama yako iko na nini. Anasema kama kuko ugonjwa mu familia, batuambie mbele mutoto yetu hajaingia mule.”

Trésor akakuja kwangu. “Maman, ubaambie tu. Operation haiko zambi.”

“Nibaambie nini?” nikamupandia juu. “Kama mu hii muji, fasi batu banahangaika juu ya unga, mi nilipanda ndege nikalipa batu banikate tumbo nisikule? We unataka banicheke mupaka kaburini?”

Na miye, pahali ya kumusikia mutoto, njo nikapata ile akili yangu.

Asubui ya dote nikaita mudogo yangu Godé mu chumba, nikamupa taulo mbili kubwa za kuogea, nikamuambia, “Nifunge hapa mu kiuno, moja juu ya ingine.” Godé alicheka mupaka akakaa chini. Lakini alifunga, akakaza na kipande ya kitenge sawa kamba, tukavalisha libaya, blauzi yangu ya zamani, liputa ya kufunga juu, perruque juu, nikasimama mbele ya kioo: mawee, Mama Trésor amerudia! Nililipa pesa yote ile juu ya kupunguka, sasa naongezeka bure. Nikafurahi kabisa, ninyi. Nikazunguka mbele ya kioo mara kadhaa.

Kwa ba Ornella ni kule Annexe, parcelle, kiwanja kubwa yenye shamba ya mahindi nyuma, na choo iko mwisho kabisa, ngambo ya mahindi, ukuta ya mabati na kitambaa mu mulango. Niliiona tu, sikuifikiria. Bakwe bakatupokea na bigelegele. Tantine Kabibi akanikumbatia, akanikaza na mikono yote mbili mu kiuno (nikashika pumuzi), akageukia bengine na furaha ya kweli:

“Eee, batu ba hii muji banajua kusema uongo! Banasema amekonda, kumbe mama iko tu vile alikuwa!”

Kwa ile familia kuko desturi. Mbele ya kufungua maneno ya dote, mama ya kijana anapewa sahani yake ya peke yake. Binti mwenyewe anapiga magoti anamunawisha mikono, na batu bote, babu na bajomba na bamama, banangojea banamuangalia. Akimaliza, amekubali binti. Akiiacha, amemukatala. Akisimama akaondoka katikati, hiyo ni matusi, na inalipiwa amende, faini.

Nilikuwa najua. Tulipanga na Godé akae karibu yangu, akuwe anachota kidogo kidogo mu sahani yangu. Lakini tantine Kabibi akamushika Godé mukono, “Mudogo ya mama atakaa na siye,” akamupeleka ngambo ingine. Na sahani ikakuja. Hapo njo nikaelewa taulo imenifanya nini. Kama ningekuja na mwili yangu ya kweli, bangenipa chakula ya mutu mukondefu. Lakini mama mwenye taulo mbili mu kiuno anapewa bukari ya mama mwenye taulo mbili mu kiuno. Ile bukari, mulima ya ugali, ilikuwa inatoa moshi kwa juu, sombe ya majani ya muhogo na mawese pembeni, na samaki yenye mukia yake inatoka inje ya sahani.

Tonge ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikasimama hapa mu kifua, ikakatala kushuka. Nikaangalia nyumba, nikaangalia mahindi, nikasifu mahindi. Tantine Kabibi akasema polepole, lakini bote bakasikia:

“Mama Trésor, juu ya nini unaacha kula? Ni chakula haiko muzuri, ao ni mutoto?”

Ornella alikuwa angali mu magoti na beseni yake ya maji, ananiangalia chini chini. Trésor iko anakaza kravati yenye ilikuwa imekazwa tayari. Ningefanya nini? Nikakula. Nikakula sawa zamani, nikasukuma tonge juu ya tonge, na kwikwi ikaanza, hik, hik, tantine Kabibi akapiga mikono: “Anakwama! Mulete sucré!” Bakaniletea sucré, soda ya machungwa, baridi, tamu, na kwa kiu na woga nikakunywa nusu ya chupa. Sukari, tena maji juu ya chakula. Amri zote za Inde nilizivunja na mukono moja.

Musemaji yao, papa moja mwenye miwani, akaona sahani inakaribia kuisha, akasimama kufungua maneno. “Bakwe betu,” akasema, “leo siku...” Na tumbo yangu ikamujibu. Si kidogo. Alikatiza maneno, akaangalia juu, akafikiri ni mvua.

Moyo ikaanza, tu-tu-tu-tu. Jasho ikaingia mu macho. Batu bakawa mbali, na nikajua nina muda kidogo sana ya kubaki mama wa heshima. Nikasimama, nikasema “excusez”, nikaanza kutembea polepole, na adabu, mupaka karibu ya musemaji, na hapo ile kamba ya kitenge ikafunguka. Taulo ya kwanza ikaanguka pale pale mbele ya biatu yake. Nikakimbia. Jomba moja wa Ornella, mutu muzuri sana, Mungu amusamehe, akaokota taulo akanifuata mbio: “Maman! Maman, umeangusha taulo!” Ya pili ikaangukia mu mahindi, akaokota na ile. “Maman, kuko ingine!” Mi sikugeuka. Kwa mulango ya choo perruque ikashikwa na musumari ya mabati, ikabaki pale inje inaning’inia, na jomba akaiogopa, hakuigusa.

Ya ndani ya choo sitaeleza. Lakini mabati haifichi sauti, na miye nilikuwa nasikia kila kitu.

“Familia, mumeona,” ni musemaji. “Mama mukwe ameacha sahani, amekimbia. Tena alijifunga taulo. Mutu mwenye afya anajifunga taulo juu ya nini? Kuko ugonjwa, na banatuficha. Siye hatutoe mutoto.”

Nikasikia biti binavutwa. Nikasikia Ornella analia. Nikasikia Trésor anasema, “Papa, naomba, ngojea kidogo...” na sauti yake ikakatika, sauti yenye sikuisikia tangu alikuwa mutoto.

Hapo nikasahau fasi niko. Nikapiga kelele na nguvu yote yenye ilibaki:

“Siko mugonjwa! Nilikatisha tumbo! Kule Inde! Nililipa mi mwenyewe juu nikonde! Musimukatale mutoto yangu!”

(Na tumbo yenyewe ikaongeza neno yake pale pale.)

Inje, mama moja akajaribu kuficha kicheko, ikamutoka kwa pua, na baada yake ikawa bote. Bajomba, bamama, mupaka musemaji. Niliona kifo ingekuwa na huruma kushinda bale batu.

Nikasikia biatu inakuja mu mahindi. Sauti ya tantine Kabibi, karibu kabisa na kitambaa:

“Mama Trésor. Ulilipa batu bakukate?”

“Nililipa.”

“Na ulijua hii bukari itakuangusha?”

“Nilijua.”

“Na ulikula?”

“Ornella alikuwa mu magoti, tantine. Ningefanya namna gani?”

Mukono yake ikaingia kwa chini ya kitambaa na ndoo ya maji.

“Mama Trésor,” akasema, “we uko mujinga sana. Shika maji.”

Akarudia kwa batu, na mi nilisikia: “Hakuna ugonjwa. Kuko ujinga tu, na ujinga haiambukize mutoto. Tukae, tuendelee.” Musemaji akasema sawa, lakini amende inabaki, mbuzi moja, juu sahani iliachwa katikati. Upande yetu bakakubali haraka sana, mbele mutu hajauliza tena juu ya taulo.

Nilitoka mule mwembamba, kichwa upara sawa boga. Ornella hakucheka. Alitoa kitenge ya mu bega yake, akanifunga kichwa, akanishika kwa kwapa mupaka mu chumba ya tantine, bakanilaza mu mukeka. Dote ya mutoto yangu wa kwanza niliisikia kupitia dirisha, na kila bakipiga bigelegele mi nilikuwa naomba ndoo.

Mangaribi, mu gari, Godé kwa nyuma na taulo zake mu magoti, mi nikataka kufurahisha batu. Nikasema, “Sasa ile mbuzi ya amende, mi nitakula upande gani?” Hakuna mutu alicheka. Trésor akasimamisha gari pembeni ya barabara, akazima moteur. Nikafikiri ataniambia nilimutia haya, na nikatayarisha jibu.

“Dote ningerudia kuifanya siku ingine, Maman,” akasema. “We, ungekufa, ningekupata tena wapi?”

Na akalia, kijana mukubwa vile, na kravati yake. Jibu yenye nilitayarisha haikufaa. Nikamushika tu mu shingo tukakaa vile, magari inapita, mupaka akawasha tena moteur.

Basi niliapa. Sitajifunga kitu tena, na hakuna sahani ya heshima yenye nitaimaliza juu ya macho ya batu. Nikiingia fasi kuko chakula, mbele hata ya kukaa nasema: bandugu, tumbo yangu ilikatwa, munipe kidogo, na musikasirike. Juzi nilisema vile mu matanga, kabla mutu hajataja chakula, jeneza ingali pale, Godé akanivuta libaya akasema ninyamaze, batu banalia. Mi sikunyamaza.