Nilikataa kumwaga asidi kijitoni Lubunga, nikatoa chuma ndani yake

Wakuu, mbote kwenu. Naandika toka Kisangani. Hii ilinikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Niko laborantine, mtu wa maabara, kwa atelier moja, karakana ya misumari, hapa Lubunga. Waya ya chuma, kabla ya kukatwa, tunaichovya ndani ya asidi kutu itoke. Ni asidi ileile ya batri. Ikichoka inageuka kijani, imejaa chuma.

Tulikuwa tunaimwaga nyuma ya ukuta, inashuka kijitoni.

Kwenye kijito hicho jirani yetu Mama Zaina analoweka mihogo ya chikwangue, mkate wetu wa muhogo. Siku moja akaja mlangoni kunionyesha mikono. Ngozi inabanduka.

"Mwanangu, munamwaga nini kule?"

Niliona haya, wakuu.

Kesho yake patron, mwenye atelier, akaniambia nifungue robinet, ile koki ya kumwaga asidi.

"Hapana, papa. Mimi sifungui tena."

"Alors, nani ameajiri nani hapa?"

"Nifukuze ukitaka. Lakini ufungue na mkono wako, Mama Zaina akiwa anaona."

Hakufungua. Akanipa pipa moja la asidi iliyochoka nijaribu njia nyingine: nikishindwa, nirudi kwetu.

Bon. Nilitia vipande vya waya mpaka mapovu yakaisha, yaani asidi imeshiba chuma. (Mukijaribu, iwe nje na mbali na moto, ile gesi inawaka.) Nikachuja nusu na kitambaa, nikaiacha wazi. Siku ya tatu hewa ilikuwa imeigeuza matope mekundu. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikanuna, nikaendelea.

Nusu ya pili nikaichuja, nikaichemsha ipungue maji, nikaifunika, ikapoa polepole. Asubuhi, chini ya beseni, chembe za kijani kama sukari ya mawe.

Chumvi ya chuma hiyo, wakuu. Nilikaa pale nikaiangalia tu.

Mama mmoja anayetia vitambaa rangi alichukua zote, zinashikisha rangi yake, akaomba zingine. Maji yanayobaki tunayarudisha kwenye pipa linalofuata. Kijitoni haiendi tone.

Patron anawaambia wageni ni idée yake. Aseme. Mikono ya Mama Zaina imepona, donc mimi nimeshinda.

Nilichojifunza: "tumefanya hivi siku zote" si sababu, na ukikataa, uwe tayari kufanya kazi ya kukataa kwako.

Nyinyi wa viwandani, asidi yenu iliyochoka inaenda wapi? Andikeni hapa chini. Na anayetaka kutetea kumwaga mtoni, namungoja.