Kipimo cha Kidole cha Melania

Melania hakuwa amelala. Alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, pale kivuli cha migomba kinapofika saa nane mchana, miguu yake bado ina udongo wa shamba la maharage, na kweli alikuwa anaukaribia usingizi. Ndipo akasikia nyayo za mumewe zikinyata. Anatoli akinyata, hilo ni jambo la kusikilizwa. Ni mtu mrefu, mzito, mwenye magoti yanayolia, na tangu Melania amfahamu hajawahi kuingia mahali bila watu kujua kwamba ameingia. Melania akafumba macho vizuri zaidi, akangoja aone mzee anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta kidole. Alipiga magoti, yakalia yote mawili, akaunyanyua mkono wa kushoto wa mkewe kama mtu anayeokota yai, kisha akakizungushia kidole cha pete kamba ya mgomba. Kamba ilikuwa imechunwa saa hiyo hiyo, bado ina maji, na ubaridi wake nusura umshtue Melania. Akafunga fundo. Akaanza kuivua, ikakwama kwenye kifundo cha kidole, akahema, akaizungusha huku na huku mpaka ikatoka. Melania alijiuma shavu kwa ndani asicheke. Alipofumbua jicho moja, mzee alikuwa anaondoka na kile kikamba amekificha kwenye kiganja, na hapo hapo akapiga ndoo teke.

Sasa mtu atauliza, mume na mke wa miaka thelathini na sita, wana watoto wanne na wajukuu, wanapimana vidole kwa siri ya nini? Ni kwamba hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Melania alikuja kwa Anatoli jioni moja akiwa na begi dogo, msichana wa miaka ishirini na moja, kama wasichana wengi wa Nyakisasa walivyofanya wakati ule. Mahari ililipwa baadaye, wazee wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, mambo yakaisha. Kanisani wakasema watakwenda mwakani. Mwakani Ineza akazaliwa. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, halafu mama mkwe akafariki, halafu ada za shule, na mwakani ikaendelea kuwa mwakani.

Melania hakulalamika, lakini aliumia. Kila Jumapili watu wakipanga mstari kwenda kupokea komunyo, yeye, asiyeruhusiwa bila ndoa ya kanisa, alibaki kwenye benchi, akisogeza miguu wenzake wapite. Na mkono wa kushoto alijifunza kuuficha. Kwenye picha za harusi ya Ineza mama wa bibi harusi amesimama mbele kabisa, anacheka, mkono mmoja ameushikisha maua na mwingine umezama ndani ya kitenge. Anatoli ameitazama picha hiyo ukutani miaka minane. Siku moja tu, bila utangulizi, akasema, "Mama Ineza, hiki kitenge kimeshiba mkono. Twende kwa katekista."

Katekista Gozbert akawaandikisha. Zilikuwa jozi saba, zote za kufunga ndoa Jumamosi moja, na wao ndio wakubwa kuliko wote. Mafundisho yakapita vizuri. Hofu ilikuwa kwenye pete. Mwaka uliotangulia jirani yao Ildefonsa alifunga ndoa ya namna hiyo hiyo, na pete ikagoma kwenye kifundo. Mumewe akasukuma, Ildefonsa akatoa machozi, katekista akakimbilia sabuni bafuni kwa masista. Tangu siku ile kijijini anaitwa Mama Sabuni, na atazikwa na jina hilo. Vidole vya wanawake wanaoshika jembe tangu utoto ndivyo vilivyo, vinanenepa kwenye vifundo, na cha Melania kilikuwa kibaya kuliko cha Ildefonsa.

Ndiyo maana, akiwa pale mkekani, Melania alianza kucheka akamaliza na wasiwasi. Kamba ya mgomba ikiwa mbichi inakubali kila kitu. Ikikauka inajikunyata. Kila mwanamke aliyewahi kufunga mzigo wa maharage anajua. Anatoli angekwenda Biharamulo na kikamba kilichojikunyata, sonara angempa pete ya mtoto, na yeye Melania angeitwa Mama Sabuni wa Pili.

Angeweza kumwambia tu. Lakini hebu fikiri. Anatoli hajawahi kumfanyia mkewe siri hata moja. Akimnunulia khanga sokoni, watu watatu wa njiani wanampongeza Melania kabla khanga haijafika nyumbani. Hii ilikuwa siri yake ya kwanza, na tangu aipate mzee alikuwa anapiga mluzi akilisha mbuzi, na kila baada ya muda anagusa mfuko wa koti. Melania alimpenda sana kwa huo mluzi. Hakuwa tayari kuuzima.

Basi kesho yake, Anatoli alipoingia bafuni na maji yakaanza kumwagika, Melania akaenda kwenye koti lililoning'inia msumarini. Kikamba kilikuwemo, kimeshakauka, kimesinyaa, kinaingia kidole cha mwisho tu na hapo kwa kubembelezwa. Akachukua kamba kavu kutoka kwenye fungu la kufungia maharage, akajipima mwenyewe, juu ya kifundo kabisa, akaikata, akaifunga kwa fundo la Anatoli, lile linalopita mara mbili na kuacha sikio upande mmoja. Akairudisha mfukoni. Kile cha kwanza hakuweza kukitupa. Akakitia kwenye kifuko cha rozari yake.

Siku mbili baadaye wakasafiri kwenda Runazi kwa Ineza, ambaye alikuwa amejiteua mkuu wa gauni na maua. Ineza ana duka dogo, na siku hiyo alikuwa anafungua mafungu ya maharage aliyoletewa na wakulima. Kamba moja ilikuwa imekaza hadi akaikata kwa kisu.

"Zilifungwa mbichi hizi," Ineza alisema. "Zikikauka zinabana kama nini."

Anatoli alikuwa anakunywa chai. Alisimamisha kikombe hewani, akagusa mfuko wa koti, akakiweka chini bila kumaliza chai. Melania alifikiri ni uchovu wa safari.

Asubuhi wakaenda Biharamulo mjini. Mbele ya duka la mapambo ya harusi Anatoli akakohoa na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyekariri, "Nyinyi chagueni maua. Mimi nakwenda kuangalia majembe." Majembe! Nyumbani yalikuwepo matano. Melania akasema, "Nenda, Baba Ineza, usiharakishe," kisha akaingia dukani akiwa amejiandaa kuchelewa.

Mwenye duka, dada mchangamfu anayeitwa Scolastica, alianza na mashada makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti. Ya plastiki, lakini yamefanyizwa vizuri.

"Shikamoo mama. Haya yanapendwa sana."

"Marahaba. Ni mazuri. Hebu nione mengine."

Akaletewa ya zambarau. Akasema yanamkumbusha Kwaresima. Akaletewa meupe, akasema yanafaa msibani. Mekundu yalikuwa mekundu mno. Ya pinki aliyashika, akayanusa, ingawa hayakuwa na harufu, akayarudisha, akayaomba tena. Scolastica alipanda kwenye kiti kushusha ya juu, akainama kuvuta ya chini ya meza, akafungua maboksi yaliyokuwa yamepigwa gundi. Jasho likamtoka. Ineza alimvuta mama yake pembeni.

"Mama, leo una nini? Nyumbani ulisema hata majani ya mgomba yatatosha."

"Mtu anaolewa mara ngapi, Ineza? Niache nichague."

Saa mbili nzima zilipita hivyo. Kisha Anatoli akatokea mlangoni, meno yote nje, kiganja kimetulia juu ya mfuko wa koti.

"Majembe vipi?" Melania akamuuliza.

"Mabaya yote."

"Pole. Dada, nachukua haya hapa," akasema Melania, akionyesha ya manjano, yale yale ya kwanza. Scolastica alikaa chini juu ya boksi. Ineza aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekuta wezi wawili dukani kwake, ila hakujua wameiba nini.

Jumamosi ya harusi ikafika na jua zuri. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, mikono mirefu, na maua ya manjano yalimpendeza Melania kiasi cha kumfanya ajute kumsumbua yule dada. Anatoli alivaa suti ya mkwewe, mume wa Ineza, fupi kidogo miguuni. Walipopanga mstari mbele ya altare na jozi nyingine sita, vijana wanaoweza kuwa watoto wao, Melania alisikia magoti ya mumewe yakilia na moyo wake ukajaa furaha.

Zamu yao ya pete ikaja. Kanisa likatulia. Kwenye benchi la pili Ildefonsa, mtu wa roho nzuri, alikuwa amekuja na kipande cha sabuni ndani ya leso, tayari kwa dharura.

Anatoli akaichukua pete kwenye sahani. Akasema maneno yake yote bila kukosea, akaiweka kwenye kidole. Pete ikapita kifundo bila hata kusalimia. Anatoli akashusha pumzi, Melania naye akashusha, wote wawili kwa pamoja, utafikiri wametua mzigo mmoja. Kisha Melania akainamisha mkono kuichukua pete ya mumewe, na ile yake ikateleza, ikadondoka kwenye sakafu ya saruji, ting, ikaanza kubingirika. Ikapita kati ya miguu ya mabwana harusi. Ikashuka ngazi. Ildefonsa akaikanyaga kwa kiatu chake cha Jumapili.

"Nimeikamata!" akapiga kelele. "Halafu hii si pete, Melania, hii ni bangili!"

Kanisa zima likaangua kicheko, padri naye akageuka kidogo kuficha uso. Anatoli peke yake hakucheka. Alisimama ameishika pete aliyorudishiwa, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nilipima," akasema kwa sauti ndogo. "Mama Ineza, nilipima sawasawa. Halafu kule Runazi nikakumbuka kamba ilikuwa mbichi, nikamwambia sonara aongeze. Akaongeza. Nikamwambia aongeze tena."

Hapo Melania akaelewa yote. Alifungua kifuko cha rozari kilichokuwa kwenye mkono wake, akatoa kikamba kikavu, kilichosinyaa, chenye fundo linalopita mara mbili. Akakifungua fundo kwa meno mbele ya padri na waumini, akakizungusha kwenye upande mmoja wa pete, mara moja, mara mbili, akakaza. Akamrudishia mumewe.

Anatoli aliitazama kamba.

"Hii ni yangu."

"Ni yako."

"Niliyompelekea sonara je?"

"Ile yangu."

Mzee akafikiri. Ilichukua muda, na jozi sita zilingoja.

"Kwa hiyo pale mkekani hukuwa umelala."

"Nani alale, Baba Ineza, wewe umemshika kidole?"

Ndipo akacheka, kile kicheko chake cha kutisha mbuzi, akaivika tena pete. Safari hii ilipita kifundo kwa shida kidogo, shida inayotakiwa, ikakaa. Wanawake wakapiga vigelegele kabla padri hajaruhusu.

Misa ikaendelea mpaka komunyo. Watu wakaanza kusimama, na Melania, kwa mazoea, akasogeza miguu wapite. Ineza akamgusa bega kutoka nyuma. "Mama, ni wewe." Akasimama. Akaingia kwenye mstari, Anatoli nyuma yake, na kila hatua machozi yalimshuka na hakuyafuta. Alipofika mbele akaweka viganja kama alivyowaona wenzake wakifanya miaka thelathini na sita, cha kushoto juu ya cha kulia.

"Mama Ineza," Anatoli akamnong'oneza sikioni, hofu imemrudia, "kunja kidole, isidondoke tena."

Melania hakukunja. Alivinyoosha vyote vitano.