Njia ya Korongo Kwenda Garsen

Enzi zetu, nanyi wenzangu mliokulia kando ya Tana mtanishuhudia, safari haikuhesabiwa kwa maili. Ukimuuliza mtu mzima Garsen iko wapi, alikujibu, "Bado kona nyingi." Na mto wetu ulijua kujikunja! Mnapiga makasia tangu alfajiri, jua linakuwa kali, mkigeuka mnauona moshi wa jikoni kwenu na jogoo wenu mnamsikia. Sisi watoto tulicheka hadi mtumbwi ukayumba. Baba alitukaripia, "Tulieni! Mamba hana utani."

Safari ninayoikumbuka zaidi ni ile ya shangazi Mariamu, dada yake Baba, alipojifungua mtoto wa kwanza huko Garsen. Siku ya saba mtoto angenyolewa na kupewa jina, na Bibi, mama yake shangazi, alikuwa ameapa kwamba mjukuu huyo atanyolewa mapajani pake. Tukashuka na mto, tukitafuna mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu, usiku tukilala kwa jamaa. Asubuhi ya siku yenyewe tukauona moshi wa Garsen, karibu kabisa, na harufu ya wali tukaisikia. Mara mto ukageuka, ukaanza kuturudisha tulikotoka. Bibi akainua macho. Korongo walikuwa wakipita juu, wamenyoosha shingo, wanakwenda moja kwa moja.

"Nishushe," akamwambia Baba.

"Mama, kule ni matope matupu. Na viboko wapo."

"Nishushe, mwanangu. Wale wanajua kona?"

Akajifunga leso kiunoni, akatushika mkono mimi na dada yangu Zainabu, tukaingia kwenye mashamba ya mpunga. Matope magotini! Bibi alianguka, akacheka, akainuka, akaendelea. Mchungaji mmoja wa Kiorma akatushangaa kwanza, kisha akatuonyesha njia ya ng'ombe wake. Mbio zile, roho zilitutoka kwa raha.

Tulifika wembe umeshashikwa. Mnyoaji akapigwa na butwaa kumwona kikongwe amepakaa tope hadi nyusini.

"Nileteeni mjukuu wangu," Bibi akasema, akaketi. Shangazi alilia na kucheka kwa pamoja. Mtoto akanyolewa juu ya leso ile ile chafu, na Baba alipofika adhuhuri, mikungu ya ndizi begani, alitukuta tumeshiba tunapiga mbweu.

Siku hizi vijana wanapanda ndege. Tope likiwagusa viatu, siku imeharibika. Mjukuu wangu aliyeko Mombasa, akienda Lamu kikazi, hupita juu ya mto wetu huu, kona zote chini ya miguu yake, hata chai aliyopewa haijapoa. Nikamwambia basi siku moja ashuke anisalimu, nimwone alivyokua.

"Ni karibu mno, Bibi," akanijibu. "Siku yoyote nitakuja."

Kila Idi namwekea sahani yake.